Aliyefuata Mapacha

Tangu kiharusi kimpitie Mama jikoni Igogo,
mwiko ukaanguka, ugali ukaungua,
uso wake una wapangaji wawili wasiosalimiana.
Wa kulia bado analipa kodi.
Wa kushoto amehama, ameacha taa ikiwaka.

Kucheka anacheka.
Kicheko ni kilekile cha mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni,
kinaanzia tumboni, kinapanda kama ndoo ya kisima,
kinamwagika kabla hakijafika juu.
Lakini mdomo, jamani, mdomo
unateremka upande mmoja
kama wa mtu aliyepokea simu ya msiba.

Jumapili Ng'washi alikuja kusimulia
jinsi mbuzi wake alivyopanda jiwe lililo juu ya choo
akagoma kushuka
hadi alipoitwa kwa jina la marehemu mumewe.
Mama alicheka mpaka kiti kikalia.
Mwanangu Limi, miaka mitatu, akamkodolea, akaangua kilio:
"Bibi anaumwa!"
Na Luhende, fundi redio, asiyeona tangu surua ya utotoni,
akajipiga paja: "Mbuke amepona huyu!"
Nami katikati yao,
chai ikinipoa mkononi.
Jicho linasema lia, sikio linasema cheka.
Nilifanya nini? Nilikohoa.

Bugando, kule kilimani, kijana wa mazoezi ya viungo
alijigusa juu kidogo ya sikio.
"Humu ndani, dada, kuna mkunjo.
Habari za macho hufikia hapo, na za masikio hapohapo.
Zinangojana kama abiria wa Kamanga,
pantoni haiondoki na mmoja.
Zikipatana, unajua
kabla hujajua kuwa umejua.
Zikigombana, ubongo unasimama gatini na kuuliza:
leo nimwamini nani?"
Kisha akampa Mama kioo, akamwambia apulize
kana kwamba anazima kibatari.

Usiku nilihesabu mabati kwa matone ya mvua.
Kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto,
na anayekuja nyuma yao hachaguliwi jina: ni Shija.
Ndiye mimi.
Kulwa alikuwa uso; akinuna, hata mlango unanuna.
Doto alikuwa sauti; gizani ulimwona kwa sikio.
Nilikua nikiwasoma wawili kwa mpigo mmoja,
nikaujua ugomvi wao ungali kuni mbichi,
nikaondoa vyombo vya udongo mapema.
Hakuna aliyenifundisha.
Labda furaha ya mtu, au huzuni yake,
ninapoitambua, nayo ni Shija:
haizaliwi mpaka wawili watangulie.

Sikumbuki ni mwezi gani mdomo ule uliacha kunidanganya.
Nadhani ni wakati wa wadudu wa ziwani,
waliposimama juu ya maji kama moshi wa kijiji kizima
na tukafunga madirisha, tukakaa karibukaribu.
Mama alitania, maneno yakiburuta mguu,
nikacheka bila kuomba ruhusa ya jicho.
Limi naye alimchora kwa mkaa ukutani:
duara, macho mawili, na mstari ulioporomoka.
"Hapa Bibi anafanya nini?"
Akanishangaa. "Si anacheka?"

Jana nilimpigia kutoka kazini Nyakato.
"Nimekula, nimelala, sijambo,"
sauti imelala tambarare, haina hata kiwimbi.
Simu haina mashavu. Niliondoka kabla ya saa.
Nikamkuta kakaa mlangoni.
Nusu ya kulia ilijitahidi, ikanipangia tabasamu
kama mtu anayetandika kitanda mgeni akiwa ameshaingia.
Niliitazama ile nyingine,
ile isiyoweza tena kuigiza chochote.
"Umekula, Mama?"
"Nimekula."

Nikafunua sufuria.
Sato alikuwa mzima, hajaguswa hata jicho.